Mkate Mweusi wa Mlimani

Ndugu wasomaji, tangu tulipotoka Ulaya wengi wenu mmetuuliza: "Huko mlikula nini?" Ni swali la haki, maana msafiri huulizwa kwanza habari za tumbo. Leo tutawajibu kwa kuwaeleza mlo mmoja tu, chakula cha asubuhi tulichokula mlimani katika nchi ya Uswisi. Chakula kile kilitushibisha, tena kilituhukumu.

Parokia moja ya huko ilikuwa imetualika, sisi na mwalimu mmoja wa kwetu Kivu, nasi tulifika mwezi wa pili, wakati wa theluji nyingi. Siku moja mwenyeji wetu alitupeleka Zermatt, mji ambao watu huuendea kwa mchezo wa ski, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao zilizofungwa miguuni. Asubuhi na mapema tukapanda garimoshi la umeme, lenye gurudumu la meno linalouma reli ya katikati lisirudi nyuma. Garimoshi hilo lilianza kazi mwaka 1898. Likatupandisha mpaka Riffelberg, mita 2,582 juu ya bahari. Kule hakuna shamba wala mti, ni weupe mtupu. Na mbele yetu mlima Matterhorn, wenye mita 4,478, umesimama peke yake kama jino. Mwalimu akasema: "Ndugu, tukikawia hapa nje tutakuwa mawe." Tukaingia kula.

Ndani mlikuwa na joto. Watu wa ski walikuwa wametutangulia, wakitembea kwa viatu vyao vigumu kama wenye kwato, ko, ko, ko, juu ya sakafu ya mbao. Kila mtu alijitwalia mwenyewe kwenye meza ndefu: mayai, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, jibini, ile tunayoiita fromaji, siagi, asali, maziwa na kahawa. Mayai huko hukawia kuiva, kwa kuwa maji huchemka kwa nyuzi 91 hivi, si 100 kama pwani. Tuliwaona wasichana wembamba wakijaza sahani ambazo kwetu zingeshibisha wapagazi wawili. Wala si ulafi. Mtu atakayeshinda kwenye baridi mpaka jioni huunguza chakula mwilini kama kuni.

Katika kikapu palikuwa na mikate ya namna mbili: mmoja mweupe, laini, wa pili mweusi, mgumu, umepasuka juu kama udongo wa kiangazi. Sisi tukatwaa mweupe, tukarudi tukatwaa tena. Mweusi tukaupita. Karibu nasi alikaa mzee mmoja, mtu wa mali kwa mavazi yake. Yeye hakuugusa mweupe. Alikata ule mweusi vipande vyembamba, akaweka jibini juu yake, akatafuna polepole.

Mwenyeji wetu akacheka, akasema: "Mmeuacha mkate wenye nchi." Ndipo alipotueleza. Jimbo lile la Valais zamani lilikuwa la watu maskini. Katika karne ya 19 wengi walihama, wengine wakafika hata Argentina. Katika miteremko mikali ngano ilikuwa shida, ila nafaka nyingine iitwayo seigle ilivumilia. Kuni zilikuwa haba, basi kijiji kizima kilioka katika tanuri moja, mara mbili au tatu kwa mwaka. Mkate ulikaa miezi, ukawa mgumu, ukakatwa kwa kisu kizito kilichofungwa kwenye ubao. Leo watu wanaununua kwa fedha nyingi, na tangu mwaka 2004 jina lake linalindwa na sheria. Akatuonyesha na viazi vilivyokunwa na kukaangwa, viitwavyo rösti: hicho nacho kilikuwa chakula cha asubuhi cha wakulima wa Bern. Kumbe meza ile ya matajiri ilikuwa imejaa vyakula vya maskini!

Wenzetu wakaendelea kula. Sisi koo lilikuwa limefunga.

Maana tulikumbuka siku ya wazazi katika seminari ndogo, tulipokuwa na miaka kumi na minne. Mama yetu alitoka kijijini usiku, kwa miguu, na kapu la muhogo wa kuchoma na viazi vitamu kichwani. Wazazi wa mjini walileta mikate ya duka na sardini. Juu ya aibu tulimpokea mama nyuma ya jiko, tukamwomba asifike uwanjani. Hakutuuliza neno. Alisema tu: "Ule, mwanangu, usilale njaa," akashika njia. Kapu tukalificha chini ya kitanda mpaka muhogo ukaota ukungu.

Pale mlimani tukachukua kipande cha mkate mweusi. Ulikuwa na uchachu kidogo, tena mtamu kwa anayetafuna sana. Mwenyeji akatununulia mzima, tukautia mfukoni mwa safari. Siku tisa baadaye ulifika kijijini haujaharibika.

Mama sasa ni mzee, meno yake machache. Tulimchovyea katika chai. Tukamweleza habari za mlima, na za kapu lile tusizozisema kwa miaka ishirini na zaidi. Akatafuna kwa muda, akasema: "Huu ni muhogo wao." Kisha akasema: "Nilijua, mwanangu. Kapu ulilirudisha likinuka."

Akamtuma mjukuu jikoni alete muhogo. Majirani walikuwa wamejaa uani kusikia habari za Ulaya. Tukala mbele yao wote, kwa mikono miwili.

Ndugu wasomaji, chakula kilichomlea mtu hakina aibu. Aibu ni ya yule aliyekificha.