Nilimaliza Deni, Taa Zikazimika

Namshukuru Mungu kwa yale aliyonifundisha kupitia mtu niliyekuwa nimemdharau.

Mimi ni mkulima wa tumbaku wilayani Urambo, kandokando ya njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji. Nguzo za umeme zilikuwa hazijatufikia. Watoto walisoma kwa koroboi, asubuhi wanaamka na masizi puani.

Walipokuja vijana wa kampuni ya sola, niliwapokea kwa mikono miwili. Walifunga paneli juu ya bati, betri ndani ya sanduku ukutani, taa na televisheni ndogo. Ningelipa kidogo kidogo kwa simu kwa miaka mitatu, na kila nikilipa naletewa namba ya kufungua mtambo kwa siku nilizolipia. Sikuuliza lolote. Fundi redio wa sokoni aliniambia, "Mzee, uliza kwanza kama vifaa vyake vinapatikana mjini." Nikamwona ana wivu. Niliamini fulana yenye nembo kuliko kijana niliyemwona akikua.

Kulipa kulikuwa kazi. Fedha ya tumbaku huja kwa msimu, lakini deni la taa halingoji soko lifunguliwe. Masika tulirudia koroboi. Niliuza kuku, nikauza asali, hatimaye nikamaliza. Ujumbe wa pongezi uliingia. Namba ya kufungua mtambo kwa kudumu haikuingia. Simu ya huduma kwa wateja iliita bila kupokelewa, kisha ikawa haipatikani kabisa. Nikapanda basi hadi Tabora mjini, nikakuta ofisi imefungwa, kibao kimeng'olewa. Siku nilizolipia zikaisha, taa zikazimika, na huku nje jua linawaka.

Nilijifungia na hasira yangu. Mama watoto akiniuliza, nanyamaza. Niliona aibu, nikidhani ni mimi peke yangu niliyepatwa. Baadaye nilijifunza kwamba hata wakubwa huanguka. Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja hapa Tanzania, ilifilisika mwaka 2019. Ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka huohuo. Huko Uingereza, Enecsys, iliyotengeneza vifaa vidogo vya kubadili umeme vinavyofungwa nyuma ya paneli, ilianguka mwaka 2015, vifaa vikabaki juu ya mapaa ya watu bila mtengenezaji wa kuvidhamini. Kampuni niliyoingia nayo mkataba mimi haikupata wa kuinunua.

Mama watoto ndiye aliyekwenda kumwita yule fundi, bila kuniambia. Alikuja na baiskeli na mita yake. Akafungua sanduku, akapima betri: volti 13. "Betri yako nzima, mzee. Paneli nzima. Kilichokufungia ni hiki," akanionyesha kibodi kidogo kilichokuwa kikingoja namba. Akakiweka kando, akafunga chaji kontrola ya kawaida ya dukani, kile kifaa cha kuongoza umeme wa paneli uingie kwenye betri, akaiseti kwa betri ya lithiamu. Plagi za kampuni hazikuingiliana na za kawaida, akazikata na kuunga nyaya upya. Kabla ya magharibi taa ziliwaka.

Nilimpa hela ya kontrola. Ya ufundi akaikataa. Lile neno lake la sokoni hakunikumbusha hata mara moja. Nilishindwa kumtazama usoni, kwa sababu wema ule sikuustahili.

Tangu siku hiyo nimeacha kupima watu kwa nembo. Nawe ndugu unayetaka kuweka sola, sikukatazi; mwanga ni kitu chema. Lakini kabla ya kusaini, uliza haya: Kampuni ikifungwa, mtambo utawaka? Betri ikifa, nitapata nyingine Tabora? Fundi wa hapa anaruhusiwa kuufungua? Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Wakikataa kuyaandika, usisaini. Na kama tayari uko gizani kama nilivyokuwa, usijifiche kwa aibu. Mwite fundi wa jirani apime betri kwanza. Huenda ni nzima.