Mgema Akisifiwa na Mgeni

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kimetutaka tuandike juu ya utalii na urithi wa Pwani. Najua wengi wenzangu wataandika juu ya Fort Jesus, na hawakosei, kwani kila mgeni akishuka Mombasa huko ndiko apelekwako kwanza. Mie nimechagua kuandika juu ya vinywaji. Msicheke, ngojeni kwanza niwaeleze.

Baba yangu ni muuza kahawa hapa Mji wa Kale. Kila siku baada ya magharibi hutoka na mdila wake wa shaba juu ya jiko la makaa, akawapitia wazee barazani. Kahawa yenyewe ni chungu, ina tangawizi na iliki. Babu yangu mzaa mama naye ni mgema huko Rabai. Kwa hivyo katika ukoo wetu pana vinywaji viwili. Kimoja hukesha watu wakizungumza. Chengine dini yetu imekikataza, na mie sijakionja wala sina nia ya kukionja. Lakini kugema ni kazi, tena kazi ya ufundi, na mikono ya babu ndiyo iliyomsomesha mama yangu hadi darasa la nane.

Sote tumefundishwa kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukiulizwa katika mtihani maana yake, hujibu kuwa mtu akisifiwa sana huharibu kazi, tukapewa alama zetu mbili tukaenda zetu. Siku moja likizoni nilimwuliza babu juu ya methali hiyo. Alinitazama, kisha akasema, "Mjukuu wangu, maneno hayo ameyatunga mnywaji. Mgema hakuulizwa. Mie nimegema zaidi ya miaka arobaini, na sijasifiwa hata siku moja. Sasa hayo maji nimeyatia lini?"

Neno hilo halijanitoka kichwani mpaka leo.

Kwa wale wasiojua, mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, kila siku, mvua na jua. Kiunoni ana kotama, kile kisu kilichopinda, na kibuyu. Akifika juu hulikata karara ncha kidogo tu, kwa mkono mwepesi, ili utomvu utone ndani ya kibuyu. Akikata sana analiua karara, akikata kidogo hapati kitu. Njia yake ya kupandia ni vidato alivyovichonga mwenyewe katika shina. Ndio, vidato! Neno ni hilo hilo tulilopewa siye shuleni. Mie niko kidato cha tatu, na babu amevipanda vyake mara elfu na elfu.

Sasa nawaomba tufunge safari hadi Ureno, maana huko kuna jambo linalofanana sana na hili letu. Wareno si wageni kwetu. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1698 Waarabu wa Oman wakawatoa, baada ya kuizingira ngome hiyo karibu miaka mitatu. Ngome wametuachia, na maneno pia wametuachia, kama vile meza, leso, bendera na hilo neno lenyewe mvinyo.

Huko kwao kuna mto uitwao Douro. Unaanzia Uhispania, ambako huitwa Duero, mahali fulani ukawa ndio mpaka wa nchi hizo mbili, kisha ukakata Ureno na kuingia bahari ya Atlantiki penye mji wa Porto. Wakati Fort Jesus inaanza kujengwa, nchi zote mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Philip wa Pili wa Uhispania. Kandokando ya mto huo milima imekatwa matuta kama ngazi, na juu ya matuta watu hulima mizabibu ya kutengenezea mvinyo. Zamani mapipa yaliteremshwa mtoni kwa mashua ziitwazo rabelo.

Waingereza waliupenda sana mvinyo huo, wakausifu na kuununua kwa wingi. Basi unadhani ilikuwaje? Methali yetu ikatimia kule kule Ureno! Wakatokea watu waliochanganya mvinyo, wakatia maji ya matunda mengine ili uonekane mwekundu zaidi. Sifa yake ikashuka na bei ikaanguka. Mwaka 1756 serikali ya Ureno, chini ya waziri ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, iliweka mipaka ya sehemu ambayo mvinyo wake ndio ungekubaliwa, na mipaka hiyo ikasimikwa nguzo za mawe. Hata ile miti ya matunda ya kuchanganyia iliamriwa ing'olewe.

Siku hizi mapipa hayapiti tena mtoni kwa mashua. Lakini rabelo hazikutupwa, bali hubeba wageni wanaotaka kuuona mto. Wengine hupanda meli hadi juu kwenye matuta, wakala na kunywa kwa mkulima mwenyewe, na pesa zikabaki pale pale. UNESCO iliingiza mji wa kale wa Porto katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996, na lile bonde la mizabibu mwaka 2001. Wenzangu, tazameni hapo. Bonde halikuingizwa kwa ajili ya ngome wala kasri. Limeingizwa kwa sababu ya mashamba na kazi ya mikono ya wakulima.

Na siye je? Fort Jesus imeingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2011. Kabla ya hapo, mwaka 2008, ziliingizwa kaya za Wamijikenda, na za Rabai zimo. Mto nao tunao. Kombeni na Tsalu inateremka kutoka bara na kumwaga maji yake katika mkono wa bahari wa Tudor, na mkono huo unakizunguka kisiwa chetu hadi Bandari ya Kale. Huku chini ni kaunti ya Mombasa, kule juu ni kaunti ya Kilifi, majirani wawili kama Ureno na Uhispania. Dakta Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuhamia Rabai mwaka 1846, alikwenda huko kwa mashua kwa njia hiyo ya maji. Kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1882, ni jambo ambalo mwanachama yeyote wa chama hiki anapaswa kulijua. Kwa hivyo kila walicho nacho wenzetu, siye pia tunacho. Nini basi kimepungua?

Tumtazame mgeni anayekuja kwetu. Hushuka kwenye basi asubuhi, akaingia ngomeni saa moja au mbili, akapita Ndia Kuu akipiga picha milango ya nakshi, kisha akarudi ndani ya basi na kuvuka daraja la Nyali kwenda hotelini. Maji ya kunywa amekuja nayo kwenye chupa. Baba yangu anapotoka na mdila wake, mgeni keshakwenda zamani. Ameziona kuta zetu, lakini siye hajatuona.

Wako wachache wanaobaki. Jioni moja mgeni mmoja alikaa barazani na wazee, akaomba kahawa yake itiwe maziwa. Mie ndiye niliyekuwa mkalimani. Baba akanambia, "Mwambie kahawa hii haitiwi kitu. Kama yuwataka utamu, atafune haluwa kwanza." Mgeni alitafuna haluwa, akanywa, akakunja uso, kisha akacheka na kuomba kikombe cha pili. Alikunywa vinne. Siku ya pili alirudi na rafiki zake wawili. Jirani mmoja alimlaumu baba kwa kuwauzia bei ile ile ya wazee, ati angewatoza mara tano. Baba akamjibu, "Akilipa bei ya wenzake, atakaa na wenzake." Mgeni aliisifu kahawa, na baba hakuitia maji wala maziwa.

Upande wa pili nina binamu yangu anayecheza ngoma katika hoteli moja ambayo sitaitaja jina. Ngoma ambayo kwao huchezwa usiku kucha, kwa sababu maalumu na kwa heshima zake, pale huchezwa robo saa baina ya supu na nyama. Ngoma za harusi na za matanga huchanganywa pamoja, na wageni hupiga makofi sana. Simlaumu binamu yangu, ana watoto na kodi ya nyumba. Lakini hapo ndipo nilipoielewa methali vizuri. Anayetia maji si mgema. Ni yule anayesimama baina ya mgema na mgeni. Sifa anazipokea yeye, pesa anazipokea yeye, na tembo halimuumi kwa kuwa hakulipandia mnazi.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Iweko safari ya mashua kutoka Bandari ya Kale hadi chini ya vilima vya Rabai. Mgeni aanze na kahawa chungu barazani, apite mikokoni, aone ndege na wavuvi, kisha apande hadi Rabai atazame kanisa la kale na makumbusho yake, na mgema juu ya mnazi. Kuhusu kaya, wazee wenyewe ndio waamue mgeni afike wapi na asifike wapi, kwani mahali patakatifu si uwanja wa kupigia picha.

Najua watakaonipinga. Wa kwanza atasema, "Wewe mtoto wa Kiislamu, wataka kutangaza ulevi?" La hasha. Mnazi hautoi tembo peke yake. Hutoa madafu, nazi, makuti, na siki. Bibi yangu mzaa baba, ambaye hajawahi kugusa kileo, husimulia kuwa zamani mkate wa kumimina hapa Mji wa Kale uliumuliwa kwa tembo badala ya hamira. Mgeni atakayetaka kunywa ni juu yake, na asiyetaka ataletewa dafu. Kinachotazamwa ni ufundi wa mtu.

Wa pili atasema maji ya Tudor ni machafu. Huyo simpingi. Taka za plastiki na maji ya vyoo yanaingia humo, na mikoko inakatwa. Lakini mwenye nyumba hasubiri nyumba isafike yenyewe ndipo aalike wageni. Huenda tukiwa na wageni wa kupita huko, kaunti zote mbili zitaona haya na kuchukua ufagio.

Nimeandika haya yote kwa sababu jambo lenyewe limetufikia mlangoni. Babu sasa amepita miaka sabini na miguu haimchukui tena juu. Wajomba zangu watatu wako kazini mjini na hapana hata mmoja anayetaka kugema. Mwezi wa nne walikaa kikao. Fundi mmoja wa samani anataka kuinunua minazi yote thelathini akaipasue mbao. Mama hakukubali. Alisema, "Mkiipasua hiyo minazi mmempasua baba." Mjomba mkubwa naye alimjibu kuwa minazi haimlishi tena mzee, na dawa zake zina bei. Wote wawili wamesema kweli, na hiyo ndiyo taabu yake. Kikao kimeahirishwa hadi Disemba. Babu mwenyewe hakusema kitu. Alikuwa akinoa kotama ambalo halina kazi tena.

Kijana mmoja jirani yuko tayari kupanda minazi ya babu na kufundishwa, ikiwa tu ataona riziki ndani yake. Hataki mengi. Anataka kujua kuwa wiki hii yuko mtu atakayekuja kulipa, na wiki ijayo pia. Serikali na makampuni ya utalii wana mipango yao, na mipango huchukua miaka. Disemba haikai miaka.

Basi natoa ombi kwa mlezi wa chama chetu na viongozi wetu. Kila mwaka chama hufanya safari moja, na mara tatu tumekwenda mahali pale pale tukala biskuti na kurudi. Muhula wa tatu twende Rabai. Tutaona kanisa la kale, tutasoma habari za Krapf na kamusi yake, kisha tutafika shambani kwa babu, kijana yule apande, na babu atueleze kila kidato kilichongwa kwa nini pale kilipo. Tutakunywa madafu. Na kile kiingilio ambacho tungelipa mahali pengine, tutampa yeye na mwanafunzi wake mkononi.

Mgeni wa mbali tutamngojea. Wa kumsifu mgema kwanza, na kumlipa, tuwe siye wenyewe. Haya, wenzangu, majina ya watakaokwenda yaandikishwe kwa katibu kabla ya kufunga muhula huu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu