Kuta za Limerick: dansi ya watu waliohama



Mwezi huu tunawapeleka safari ya mbali, mpaka kisiwa cha Ireland, magharibi kabisa mwa Ulaya. Nauli hakuna, karatasi hii inatosha. Wazee waliotoka Katanga wanalijua jina hilo, maana askari wa Ireland walikuja Kongo pamoja na Umoja wa Mataifa kati ya 1960 na 1964. Lakini leo hatuendi kutazama askari. Tunaenda kutazama dansi za watu wawili wawili, na kabla ya kumaliza tutajifunza moja tuicheze wenyewe.

Kuna wazazi wanaotuuliza: mtu aliyeacha nyumba yake na makaburi ya wazee wake, moyo wa kucheza anautoa wapi? Tena wanauliza: hawa watoto waliozaliwa hapa, watajua ngoma ya nani? Maswali hayo ni mazito. Sisi tumeichagua Ireland kwa sababu watu wake wameishi na maswali kama hayo kwa zaidi ya miaka mia tatu.

MJI WENYE KUTA

Ireland ni nchi ya mvua na majani mabichi. Mto wake mrefu kuliko yote unaitwa Shannon, una urefu wa kilomita 360 hivi. Pale unapokaribia kuingia baharini upande wa magharibi, upo mji wa Limerick. Ukisimama kando ya mto unaona ngome ya mawe iliyojengwa miaka ya 1200. Ng'ambo ya daraja kuna jiwe moja kubwa la chokaa limewekwa juu ya msingi kama sanamu. Wenyeji wanasimulia kwamba juu ya jiwe lile ndipo mkataba ulipotiwa sahihi mwaka 1691.

Mkataba gani? Wafalme wawili, William na James, walikuwa wanagombea kiti cha Uingereza, na vita vyao vikapiganiwa Ireland. Mji wa Limerick ulizingirwa mwaka 1690, ukazingirwa tena 1691. Watu walijibanza nyuma ya kuta hizo mpaka mwisho. Tarehe 3 Oktoba 1691 mapatano yakafanyika. Askari wa Kiairishi walioshindwa wakaruhusiwa kuondoka, na zaidi ya elfu kumi wakapanda meli kwenda Ufaransa pamoja na kamanda wao Patrick Sarsfield. Wengine walikwenda na wake na watoto. Waairishi waliwapa jina la bata bukini wa mwitu, yaani wale ndege wanaohama kwa makundi majira yakibadilika. Ndege hurudi majira yakigeuka, lakini wengi wa watu wale hawakurudi tena.

Dansi tutakayojifunza leo inaitwa Kuta za Limerick. Kwa Kiairishi ni Ballaí Luimnigh. Jina ni la kuzingirwa na kuondoka, lakini ukiitazama inavyochezwa ni dansi ya furaha, ya kusalimiana. Watoto wa shule wanaicheza, na wazee pia.

JIKONI KWA JIRANI

Tuvuke sasa kaskazini ya Limerick tuingie wilaya ya Clare. Huku mashamba ni madogo, yamezungukwa na kuta fupi za mawe yaliyopangwa bila udongo. Kuni ni haba. Watu walikata udongo mweusi kwenye vinamasi, wakauanika, wakauchoma kama kuni, jambo ambalo ndugu zetu wa Burundi wanalijua vizuri.

Katika miaka ya 1700 walikuwepo walimu wa dansi waliotembea kwa miguu kijiji hadi kijiji. Mwalimu alifikia nyumba moja, akakaa wiki kadhaa, akawafundisha vijana na watoto, halafu akaendelea mbele. Mwingereza mmoja, Arthur Young, alizunguka Ireland kuanzia 1776, na aliandika kwamba hata maskini kabisa walijitahidi kumlipa mwalimu huyo ili watoto wao wajifunze. Sisi walimu tumelisoma hilo mara mbili!

Ukumbi ulikuwa wapi? Hapakuwa na ukumbi. Watu walicheza jikoni, au njia panda jioni za kiangazi. Sakafu ikiwa ya udongo, waling'oa mlango wakaulaza chini ili miguu isikike vizuri. Vyombo vilikuwa zeze lao la nyuzi nne, filimbi, zumari la mfuko, na baadaye kodiani ndogo ya mkononi. Kama hakuna chombo, mtu mmoja aliimba wimbo kwa mdomo bila maneno, la-la, di-di, mpaka wengine wanachoka kucheza. Ufundi huo wa mdomo upo hadi leo na unaheshimiwa.

Baada ya vita vya Napoleon kuisha mwaka 1815, dansi moja ya Paris ilienea mpaka Ireland. Jozi nne zinasimama mraba, kila jozi upande wake, na watu wanane wanabadilishana nafasi kwa mpango. Waairishi waliipokea, wakaitia muziki wao wa haraka na hatua zao. Watu wa Clare wanaicheza mpaka sasa, tena kwa kugonga miguu kama ngoma. Katika dansi hiyo, kila baada ya sehemu fulani, mwanaume na mwanamke wanashikana na kuzunguka pamoja na wenzao mpaka warudi pale walipoanzia. Mzunguko huo wanauita nyumba. Yaani unakwenda, unapita kwa wengine, halafu unarudi nyumba.

NJAA, NA JIJI LA LONDON

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi. Maskini wa Ireland walikuwa wanategemea viazi karibu kwa kila mlo. Mpaka 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja wameondoka kwa meli, wengi kwenda Marekani. Mwaka 1841 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Hadi leo hakijarudi kwenye idadi hiyo. Hebu fikirini hapo: zaidi ya miaka 170 imepita, na pengo bado linaonekana.

Vijiji vilivyobaki vitupu havikuwa na wa kucheza. Lakini waliokwenda walibeba dansi miguuni. Na hapa ndipo tunapotaka wasomaji watege sikio. Neno céilí, linalotamkwa keli, zamani lilikuwa na maana ya kumtembelea jirani jioni na kukaa kuzungumza. Leo lina maana ya usiku wa dansi za Kiairishi, na watu wengi wanadhani usiku wa namna hiyo umekuwepo kijijini tangu enzi na enzi. Sivyo. Céilí ya kwanza ya namna hiyo ilifanyika London, tarehe 30 Oktoba 1897, katika ukumbi wa Bloomsbury. Waliioandaa ni Waairishi waliokuwa wanaishi ugenini, wanachama wa Chama cha Kigaeli, chama kilichoanzishwa Dublin mwaka 1893 kuilinda lugha yao. Mwalimu wa dansi kutoka Kerry aliyehamia London, Patrick Reidy, aliwafundisha dansi za kwao alizozikumbuka.

Kwa hiyo kitu kinachoitwa leo mila ya Ireland, kwa sehemu kubwa kilipangwa na wahamiaji wenye hamu ya nyumbani. Ugenini ndipo walipokaa wakaulizana: kwetu walikuwa wanachezaje? Wewe unakumbuka nini? Mimi nakumbuka hiki. Wakaunganisha.

WALIOTAKA KUIZIMA

Msidhani kila mtu alifurahi. Mapadri wengi waliona vijana wa kike na wa kiume kucheza pamoja usiku ni hatari. Mwaka 1935, Ireland ikiwa tayari imejitawala, ilipitishwa Sheria ya Kumbi za Dansi: dansi ya hadhara ilihitaji kibali cha mahakama. Sheria ililenga kumbi, lakini ilitumiwa hata dhidi ya dansi za majumbani na za njia panda. Jikoni nyingi zikanyamaza.

Miaka miwili kabla, lilitokea jambo zito zaidi. Jimmy Gralton, mzaliwa wa wilaya ya Leitrim, alikuwa amehamia Marekani na kupata uraia wa huko. Aliporudi kijijini kwao alijenga ukumbi kwa msaada wa majirani, watu wakasoma humo na kucheza dansi. Alikuwa mkomunisti, na kanisa na wakubwa hawakumpenda. Mwishoni mwa 1932 ukumbi ulichomwa moto. Mwaka 1933 serikali ikamfukuza kutoka nchi aliyozaliwa, akarudishwa Marekani kama mgeni. Alifariki New York mwaka 1945 bila kurudi. Mwaka 2016 Rais Michael D. Higgins alifika kijijini pale akazindua ukumbusho wake, na akasema wazi kwamba kumfukuza lilikuwa kosa. Miaka 83 ilikuwa imepita.

Na dansi je? Mwaka 1973 wapenzi wa muziki walianzisha shule ya kila kiangazi katika mji mdogo wa Miltown Malbay, Clare, kwa kumbukumbu ya mpiga zumari Willie Clancy aliyefariki mwaka huohuo. Watu kutoka nchi nyingi huenda huko kila Julai kujifunza. Dansi za jikoni zikapata nguvu tena, kwa sababu walikuwepo wazee waliokumbuka hatua, na wakaulizwa kabla hawajafa.

SASA TUCHEZE

Tafuteni uwanja tambarare. Idadi yoyote ya jozi inafaa, ila iwe kuanzia nne. Jozi mbili zinatazamana, halafu nyuma yao jozi nyingine mbili zinazotazamana, hivyo hivyo mpaka mstari uwe mrefu. Mwanamke anasimama kuliani kwa mwenzake.

Kwanza jifunzeni hatua mbili. Ya kwanza ni ya tatu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, kwa wepesi, juu ya vidole. Ya pili ni ya saba: unakwenda upande, mguu mmoja unatangulia na mwingine unafuata nyuma yake, unahesabu mpaka saba. Ukimaliza saba, cheza tatu mara mbili papo hapo. Mikono mingine iwe imetulia pembeni, mgongo wima.

1. Kwenda na kurudi. Shika mkono wa mwenzako ulio karibu nawe. Nendeni mbele kuwaelekea wale wawili kwa tatu mbili, rudini nyuma kwa tatu mbili. Rudieni mara ya pili.

2. Kubadilishana. Wanawake wawili wanavuka kwa hatua ya saba kuelekea kushoto, wakipita huku wanatazamana, kila mmoja anachukua nafasi ya mwenzake, wanamalizia tatu mbili. Kisha wanaume nao wanavuka vivyo hivyo, ila wao kuelekea kulia.

3. Kumsalimu mgeni. Mpe mkono wa kulia yule anayekutazama, asiye mwenzako. Nendeni pamoja nje ya mstari kwa hatua ya saba, malizieni tatu mbili. Rudini kwa saba, malizieni tatu mbili.

4. Kuzunguka. Sasa mrudie mwenzako, shikaneni mikono yote miwili, mwizunguke ile jozi nyingine mzunguko mzima. Mkimaliza, wapeni mgongo mliocheza nao, na mbele yenu mtakuta jozi mpya. Anzeni tena namba 1.

Jozi iliyofika mwisho wa mstari ikakosa wa kucheza naye ingoje mzunguko mmoja, igeuke, itaingia tena. Kila sehemu inachukua muda sawa wa muziki. Redio ikikosa betri, mmoja aimbe kwa mdomo, wengine wapige makofi.

Dansi hii ni ya wawili, lakini wawili peke yao hawaiwezi. Kila dakika unamwacha jirani mmoja na kumpa mkono mwingine. Mkianza mkiwa jozi kumi kutoka bloki tofauti, mkimaliza wengi mmekwisha kushikana mikono na watu msiowajua majina.

Wazazi wenye wasiwasi juu ya adabu, tunawasikia. Humu wanashikana mikono tu, mbele ya watu wote. Tena si lazima mume na mke. Mama acheze na mwanawe, dada na dada, babu na mjukuu. Ireland nako wanawake hucheza na wanawake, hakuna anayeshangaa.

Tunawaomba jambo moja mwezi huu. Mkisha kuicheza hii ya Waairishi, kila nyumba imwulize mzee mmoja: kwenu ngoma ya arusi ilichezwaje? Nani alianza, mguu upi ulitangulia, watu walisimama vipi, waliimba nini? Mtoto anayejua kuandika aandike kwenye daftari, kama tulivyoandika hapa, namba 1, namba 2, namba 3. Asiyejua achore. Leteni madaftari darasani, tutayasoma pamoja na kuzijaribu hatua hizo uwanjani, moja moja, wazee wakiwa wamekaa pembeni kutusahihisha.