Leipzig ya Bure, Edinburgh ya Pauni

Mzazi akiniuliza habari za kumpeleka mtoto kusoma Ulaya huanza na ada, na ada ndilo swali lenye jibu jepesi kuliko yote. Chuo Kikuu cha Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, hakitozi ada katika kozi zake nyingi. Mtoto wa Mbeya hulipa sawasawa na mtoto wa Leipzig kwenyewe: mchango wa karibu euro 300 kila muhula, na ndani yake mna tiketi ya mabasi, tramu na treni za kawaida za nchi nzima. Chuo Kikuu cha Edinburgh, kule Uskoti, humtoza mgeni zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka katika kozi nyingi za uzamili, yaani zaidi ya shilingi milioni 80 za Tanzania, kabla hajala wala hajalala. Kwa hesabu hiyo sote tungehamia Leipzig. Nimepita miji yote miwili vuli moja, nikikaa majikoni na Watanzania na Wakenya wanaosoma huko, na niliyoyaandika juu ya ada hayajazi ukurasa. Kurasa nyingine karibu zote zina mambo ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza.

Kwanza, mlangoni. Ujerumani haidai ada, lakini inadai ijue utaishije. Tangu Septemba 2024 mwombaji wa viza ya masomo asiye na mfadhili hutakiwa aweke euro 11,904 katika akaunti iliyofungwa. Akishafika, hurudishiwa fedha hizo kwa mafungu, euro 992 kila mwezi. Fedha ni zako, hakuna anayekula hata senti. Ila lazima ziwepo zote kwa mkupuo, na ni zaidi ya shilingi milioni 30. Kijana mmoja wa Moshi alinisimulia jinsi baba yake alivyouza pikapu, mjomba akatoa pesa ya kahawa, na kikundi cha akina mama wa kanisani kikamkopesha mama yake kilichopungua. Sasa kila fungu likiingia anajua anaila ile gari. "Mwezi huu, mzee, nimefika kwenye matairi," aliniambia, akicheka peke yake.

Uingereza nayo inataka fedha za kujikimu, ila yenyewe inaridhika kuzikuta zimelala kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Hapo ndipo ukoo unapokusanyika kweli, na wapo wajomba wanaokuja kuchukua chao siku ya 29. Waingereza wanataka kuiona pesa. Wajerumani wanataka kuishika. Halafu huyo wa Edinburgh hulipa kodi ya matibabu pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, mapema, hata kama hatakohoa. Na mara nyingi hufanya mtihani wa Kiingereza, mtu aliyesoma sekondari yote na shahada nzima kwa Kiingereza, kwa sababu Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya nchi ambazo serikali ya London inakubali kwamba watu wake wanakijua.

Hapa niweke jambo lililonichekesha. Mskoti anayesoma shahada ya kwanza Edinburgh hulipiwa na serikali ya Uskoti. Mwingereza aliyevuka mpaka kwa treni kutoka Newcastle, saa moja na nusu tu, hulipa zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka. Sisi tunalipa mara kadhaa ya hizo. Ukumbi mmoja, mhadhara mmoja, bei tatu, na watatu hao wameketi bega kwa bega wakipiga miayo kwa pamoja.

Darasani ndipo nilipokaa sana, maana ndipo tofauti ilipo, na matangazo ya mawakala wa vyuo hayaigusi kabisa.

Mtu aliyetoka Mlimani akifika Edinburgh haoni mageni mengi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunachokiita Mlimani, kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na damu hiyo bado inatembea: alama 70 ni daraja la juu huku na huku, insha ina mwisho wake wa kukabidhi, maswali ya mtihani yana lafudhi ileile. Kinachomshtua ni kuangaliwa. Kuna mshauri wa chuo aliyepewa jina lake kama mlezi. Akikosa semina, barua pepe inaingia. Insha inarudi na maoni pembeni, mstari kwa mstari, yameandikwa kwa upole ambao kwanza humtia mtu wasiwasi. Na mwalimu mwenye mvi anataka aitwe kwa jina lake la kwanza. Dada mmoja wa Tanga, mtumishi wa halmashauri aliyekuja kusomea sera za maji, alikuwa bado hajaweza. "Mtu mzima kama baba yangu nimwite Andrew? Namwita Prof, naye kila siku ananisahihisha." Malezi hayo yote yamo ndani ya zile pauni. Nani atamtaka mteja wa pauni 25,000 aanguke?

Leipzig hakuna mteja, na kwa hiyo hakuna anayekutafuta. Mhadhara unaanza saa tatu na robo asubuhi, maana kwa mila ya vyuo vya huko robo saa ya kwanza ni ya watu kufika. Ukiisha, wanafunzi hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, na ukumbi mzima unanguruma. Baada ya hapo kila mtu na lake. Kozi unazipanga mwenyewe. Mtihani unajiandikisha mwenyewe kwenye mfumo, na usipojiandikisha kwa wakati, hata uwe umemeza vitabu vyote, kwao hukuwepo. Profesa ana saa yake ya kuonana na wanafunzi. Nje ya hiyo, subiri. Jina lake la kwanza huenda usilijue mpaka umalize.

Alama zenyewe zinasomwa kinyumenyume. Mlimani GPA ya 5.0 ndiyo kilele, Ujerumani 1.0 ndiyo kilele, 4.0 ndiyo pona pona, na 5.0 ni kufeli. Yule wa Moshi alipowatumia nyumbani matokeo yake ya kwanza, 1.7, mama alifunga kula siku moja akimwombea. Lakini lisilochekesha ni hili: kwa kawaida mtihani una nafasi tatu. Ukiukosa mara ya tatu unaondolewa, na mlango wa kozi hiyohiyo unafungwa katika vyuo vikuu vingine vya Ujerumani vilevile. Mlimani mtu akipata sapu anahangaika, akidisko analia, kisha mwaka unaofuata anaomba chuo kingine. Kule kudisko kunakufuata nchi nzima.

Nilichokiona kinawaumiza watu wetu zaidi, katika miji yote miwili, ni kusoma peke yao. Aliyesoma Mlimani amelelewa kwenye vimbweta: watu sita wamezunguka meza ya zege chini ya mti, mmoja ameelewa, watano wanamhoji mpaka usiku wa manane, na hapo ndipo mhadhara wa asubuhi unapoeleweka. Leipzig ina maktaba ya kampasi katikati ya mji inayokaa wazi saa 24. Niliingia usiku. Viti vimejaa, taa nzuri, kimya cha msikiti baada ya swala. Mwanafunzi wa Kitanzania aliyenipeleka alivumilia nusu saa, kisha akanivuta nje: "Humu naweza kusoma, lakini siwezi kuelewa." Dawa yao wameshaipata. Jumamosi Watanzania watatu, Mkenya mmoja na Mganda mmoja wanakutana katika jiko la hosteli, wanasonga ugali wa unga wa kubahatisha kutoka maduka ya mtaa wa Eisenbahnstraße, na takwimu zinafundishwa upya kwa Kiswahili. Masharti ya hosteli yanataka utulivu kuanzia saa nne usiku. Wanajitahidi.

Miji hii haikuanza kutujua jana. Julius Nyerere alifika Edinburgh mwaka 1949 na akatoka 1952 na shahada yake. Leipzig ilipokea watu wetu kwa njia nyingine: baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani Mashariki ilijisogeza Zanzibar, ikajenga majumba ya Kikwajuni na Kilimani, na vijana wa Kizanzibari wakapelekwa kusoma huko. Leipzig ndiko ilikokuwa Taasisi ya Herder, iliyowafundisha Kijerumani wageni kutoka nchi mbalimbali kabla hawajatawanywa vyuoni. Tofauti na leo ni kwamba wale walitumwa. Tiketi ilikatwa na dola, posho ilitoka kwa dola, na kurudi lilikuwa sharti. Kijana wa leo ametumwa na pikapu.

Ndiyo maana kazi haiepukiki. Uskoti sheria ya viza inampa mwanafunzi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Wengi wako hotelini na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Ujerumani inampa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Wabongo wa ughaibuni wamesema "kubeba boksi" kwa kila kibarua tangu zamani, lakini Leipzig wanayabeba kweli: uwanja wa ndege wa Leipzig/Halle ni kituo kikuu cha vifurushi cha DHL, ndege zinashusha na kupakia usiku kucha, na sehemu ya mikono hiyo ni ya wanafunzi. Malipo si mabaya. Ila mtu anayetoka zamu alfajiri na kuingia mhadhara wa saa tatu na robo ana robo saa yake ya usingizi mezani, halafu anagonga meza pamoja na wenzake bila kujua amepongeza nini.

Lugha ndiyo ada ya Leipzig isiyoandikwa. Kozi za uzamili kwa Kiingereza zipo, na kwenye vifurushi hakuna anayekuhoji sarufi. Lakini ofisi ya wageni, mkataba wa nyumba, barua inayokudai euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni hata kama huna televisheni, vyote ni Kijerumani. Shahada ya kwanza karibu yote ni Kijerumani. Kijana wa kidato cha sita anayeambiwa "Ujerumani bure" aongezewe na maneno haya: mwaka mzima au zaidi wa lugha kwanza, na mwaka huo unakula.

Wazazi walionituma niulize usalama nao wapate jibu lao. Katika uchaguzi wa jimbo la Saxony, Septemba 2024, chama cha AfD, ambacho hakifichi kutowataka wageni, kilipata asilimia 30.6 ya kura. Leipzig yenyewe ni mji wa wanafunzi na una sura nyingine, na niliokutana nao wanatembea usiku bila shida. Miji midogo ya jirani hawaendi wikiendi. Hawakunieleza sababu kwa kirefu, nami sikuwachimba. Edinburgh hakuna aliyelitaja jambo hilo kwanza, walitaja giza. Desemba jua linazama saa kumi kasoro dakika ishirini alasiri, na chumba ambacho mtu anakaa akilisikiliza giza hilo kinaweza kula pauni 700 kwa mwezi au zaidi, huku Leipzig chumba cha hosteli kikipatikana chini ya euro 400.

Nina upande. Mwenye ufadhili, awe Chevening au Jumuiya ya Madola, aende Edinburgh mbio: mwaka mmoja wa kushikwa mkono na walimu wanaosoma kila neno unaloandika ni neema, na Chevening watamtaka arudi nyumbani miaka miwili, jambo ambalo mimi sioni kama adhabu. Asiye na ufadhili asiuze kiwanja kwa ajili ya mwaka huo. Leipzig ni ya mtu mzima, aliyekwisha kufanya kazi, anayejua anachotaka na asiyengoja kuitwa. Nimewaona waliokwenda na miaka 19 wakidhani bure maana yake rahisi. Wawili wamehamia kozi nyingine, mmoja haji tena jikoni Jumamosi.

Na bure yenyewe inapungua. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza 2024, kati ya euro 2,000 na 6,000 kwa muhula. Ukimwambia mtu aende Ujerumani, mwambie na jimbo.

Baada ya kuhitimu, Ujerumani inampa mhitimu miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na shahada yake. Yule wa Moshi ameshaanza kuihesabu, na sasa Kijerumani anakisoma kwa hofu ambayo darasani hakuwa nayo. Yule wa Tanga ana haki ya kuomba viza ya kubaki Uingereza miaka miwili, ingawa kiti chake kinamsubiri halmashauri. Watakaoomba viza hiyo kuanzia Januari 2027, ukiacha wenye uzamivu, Uingereza itawapa miezi 18. Hapo, angalau, hakuna tena cha kulinganisha.