Mtoto mpole

Wiki hii ni zamu yangu ya kuandika, na nitawaeleza kosa langu mwenyewe.

Mtoto wangu wa mwisho alipofikisha mwaka 1 na miezi 4, alianza kula udongo. Alikuwa anakwangua ukuta wa jikoni kwa kucha na kutia mdomoni. Nilimchapa, nikidhani ni utundu. Halafu akaacha kucheza na wenzake, akataka kubebwa mgongoni tu. Majirani walisema, "Mtoto wako ni mpole." Nami nilifurahi.

Siku ya kupima watoto uzito, mama muuguzi alifungua mkono wake, akauweka karibu na wangu. Kiganja changu kilikuwa na wekundu. Chake kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo. Walipima damu: gramu 7, na mtoto wa umri ule anatakiwa kufikisha angalau 10.5. Malaria hakuwa nayo. Akaniuliza, "Mama, anakula nini?" Nilijibu kwa fahari: bugali, sombe, maharagi, na kikombe cha chai kila anapokula.

"Chai ndiyo mwizi," alisema. Sombe na maharagi yana madini ya chuma, ambayo mwili unayatumia kutengeneza damu. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula, inazuia chuma kisiingie mwilini. Tena, baada ya miezi 6 maziwa ya mama peke yake hayatoshi kumpa mtoto chuma anachohitaji.

Alitupa dawa ya chuma ya miezi 3 na dawa ya minyoo. Alinionya kwamba choo kitakuwa cheusi, nisiogope nikaacha dawa.

Nyumbani, bibi yake alikasirika: "Watoto wangu 8 wote walikunywa chai!" Sikubishana. Nilimfungulia tu kiganja cha mjukuu wake. Alikitazama, akanyamaza. Tangu siku ile ni yeye anayetwanga sambaza kavu za kutia kwenye uji, na anayekamulia ndimu kwenye sombe, kwa sababu ndimu inasaidia chuma kuingia mwilini.

Leo mtoto anapanda juu ya meza na kuvunja vikombe. Si mpole hata kidogo. Namshukuru Mungu.

Wamama, jioni ya leo fungueni viganja vya watoto wenu, mvilinganishe na vyenu. Vikiwa vimepauka, au mtoto akila udongo, msimchape. Mpelekeni kituo cha afya.