Uhura na Nien Nunb

Hapa hosteli ukisema unapenda Star Wars, watu wa Star Trek wanakuona msaliti. Mimi naangalia zote, na huo ugomvi siuelewi. Mwaka 1982 kampuni ya George Lucas, baba wa Star Wars, ndiyo iliyotengeneza picha za anga za Star Trek II. Kwenye Star Trek ya 2009, kiroboti R2-D2 kinapita katikati ya mabaki ya meli (simamisha picha, utakiona). Mwongozaji wake, J.J. Abrams, ndiye aliyeongoza Star Wars ya 2015. Wenyewe wanaazimana, sisi tunanuniana!

Tena wote wawili wameazima kwetu. Jina la Uhura, afisa wa mawasiliano wa Star Trek tangu 1966, limetokana na neno uhuru. Nien Nunb, msaidizi wa rubani kwenye Star Wars ya 1983, sauti yake ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya, na Kikuyu kimo mle. Mwanafunzi, jamani, kama wewe.

Nasomea ualimu wa Kiswahili na Jiografia. Kuna mwalimu aliwahi kuniambia Kiswahili ni cha methali, mambo ya anga tuwaachie Wazungu. Nikienda mazoezi ya kufundisha, mada ya mfumo wa jua nitaianza na Uhura.