Picha za jamaa na programu za bure



Siku hizi katika miji yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, jamaa nyingi ziko na picha ndani ya telefone ao ya ordinateri. Ubatizo, komunyo ya kwanza, ndoa, kilio: vyote vinapigwa picha. Na zile za karatasi, babu amesimama na watoto mbele ya nyumba ya kambi wakati wa Union Minière, vijana wanazipitisha katika skana. Halafu wanauliza: tuzifungue na kuzitengeneza kwa programu gani? Programu za bei kali hatuna makuta ya kuzinunua. Ile ya wizi haifai kwa mkristu, na mara nyingi inaingia nyumbani pamoja na virusi. Zinabaki za bure, na hizo ziko nyingi.

Kijana akichagua, anatazama kwanza programu inaweza kufanya nini: kung'arisha uso, kubadili rangi, kuweka maua pembeni. Mimi naona swali la kwanza ni lingine: picha ya asili itabaki salama?

Nitawaeleza sababu. Mtaani kwetu jamaa moja ilifiwa na baba. Picha yake nzuri ilikuwa moja tu, alipigwa akikaa pamoja na mke wake, aliyekufa miaka mingi mbele. Karatasi ilikwisha kuharibika kwa maji ya mvua. Ilibaki ile iliyowekwa katika flashi. Wakaipeleka fasi wanapochapa kopi. Kijana wa pale akakata uso wa baba, akaukuza, akaandika jina na tarehe chini, akahifadhi kwa jina lile lile la picha ya kwanza. Kilio kikapita vizuri, watu wakasifu ile picha. Kisha binti wa mwisho, ambaye mama alimwacha angali mtoto mchanga, akaomba achapiwe ile ya wazazi wote wawili. Wakafungua flashi, wakakuta uso wa baba peke yake. Akauliza: "Yaya, na mama iko wapi?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Yule kijana hakuwa na ubaya wowote. Alibonyeza tu kifungo kimoja.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa picha yoyote, fanya kopi yake, uiweke mbali, na utengeneze ile kopi. Tena picha za aina ya JPEG, zile zinazotoka katika telefone nyingi, kila mara ukizibadili na kuzihifadhi upya zinapoteza kidogo ya uzuri wake. Mara moja jicho halioni. Mara kumi, utaona.

Sasa tuzitaje programu zenyewe. Kwa ordinateri ya zamani yenye Windows, mimi naanza na IrfanView. Ilitengenezwa na Irfan Škiljan, mzaliwa wa Bosnia, na inatolewa tangu mwaka 1996. Ni nyepesi sana: inakula mega chache tu kuichukua kwa intaneti, na inafunguka upesi hata kwa mashine iliyochoka. Inakata, inageuza, inapunguza ukubwa, inaongeza mwangaza. Kwa jamaa nyingi hiyo inatosha.

Ya pili ni XnView, kazi ya Mfaransa Pierre-Emmanuel Gougelet. Inaonyesha picha zote za dosie moja zikiwa ndogo ndogo, na inaweza kubadili majina ya picha nyingi kwa mara moja. Ukiwa na picha mia tano zenye majina ya namba tu, utaishukuru. Inasema Kifaransa, na ile inayoitwa XnView MP inafanya kazi pia kwa Linux na Mac.

Lakini neno "bure" lina mipaka. Hizi mbili ni za bure nyumbani na masomoni. Ukifungua duka la kupiga picha upate faida, sharti ulipe mwenyewe haki yake. Ni sawa na mshahara wa mfanyakazi. GIMP si hivyo. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ni huru kabisa: hata mpiga picha wa ndoa anaruhusiwa kuitumia kazini. Inaweza kusafisha madoa ya picha ya babu. Lakini ni nzito, inakula mega nyingi, na inataka uvumilivu wa kujifunza. Uzuri wake mwingine ni huu: ukihifadhi kazi yako, inaiweka katika fasi yake ya pembeni, picha ya JPEG haiguswi mpaka wewe mwenyewe uagize.

Kuna na bure ya mwenye nyumba, inayoweza kuisha asubuhi moja. Picasa ilipendwa na watu wengi. Google iliinunua mwaka 2004, ikaisimamisha mwaka 2016. Waliokuwa wamepanga albamu zao ndani ya Picasa peke yake walipata taabu kuzihamisha. Google hiyo hiyo ilikuwa inatunza picha mtandaoni bila kuhesabu, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 inazihesabu katika giga 15 za bure. Ndiyo maana mimi nashauri kupanga picha katika dosie za kawaida, zenye mwaka na jambo: "1984 ndoa ya wazazi", "2019 komunyo". Dosie ya namna hiyo programu yoyote itaifungua.

Na ukubwa pia. Kuchapa picha ya santimetri 10 kwa 15 ikiwa safi, inafaa iwe na vidoti karibu 1800 kwa 1200. Usipunguze chini ya hapo ile unayoitunza. Picha iliyopita katika WhatsApp mara nyingi imekwisha kupunguzwa. Omba ile ya asili kwa aliyeipiga.

Wazazi, kazi hii msiwaachie vijana peke yao. Wao wanajua vifungo, lakini wazee ndio wanajua nani ni nani. Siku umeme iko, mketi pamoja na bibi mbele ya ordinateri, awatajie majina ya wale waliosimama mstari wa nyuma, na mtoto ayaandike. Mkimaliza, wekeni kopi moja katika flashi, na nyingine kwa ndugu anayekaa mji mwingine.